Simu Ililala Msumbiji, Mimi Nililala Tanzania

Nauza khanga na vitenge. Duka sina. Nina mabalo mawili, begi la mgongoni na simu ya laki mbili na nusu. Oktoba ikiingia na korosho zikaanza kukusanywa, nyumbani hunikuti. Natoka Mtwara mjini, napita Nanyamba na Tandahimba, napanda Newala, nateremka Masasi, narudi kwa njia ya Ndanda na Mingoyo mpaka Lindi. Desemba ikiisha miguu imevimba na daftari la madeni limejaa.

Zamani nilidhani kazi ya simu safarini ni tatu: kupokea pesa, kupiga, na kuangalia picha za watu wakati basi linasubiri abiria. Mengine nimefundishwa na barabara, na barabara haifundishi bure.

La ghali kuliko yote lilikuwa saa.

Ilikuwa Novemba. Nililala kwa bibi mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, kijiji cha jirani na Kilambo, kule Mto Ruvuma unakokaribia bahari. Ukisimama ukingoni unaiona Msumbiji kwa macho, watu wake wanafua, watoto wao wanaogelea. Gari la kwenda Mtwara ni la alfajiri, linaondoka saa 11. Nilikuwa lazima niliwahi, kwa sababu mjini nilitaka kuunganisha gari la Newala siku hiyohiyo. Wakulima wa kule walikuwa wameingiziwa pesa zao, na pesa ya korosho haina tabia ya kulala nyumbani usiku wa pili.

Nikaweka kengele ya saa 10. Kabla haijalia nikasikia adhana. Nikaiangalia simu: saa 9 na nusu. Nikajisemea moyoni, muadhini wa leo kaota. Nikavuta shuka.

Kengele ilipolia nikaamka taratibu, nikaoga, nikafunga mzigo. Natoka nje namkuta bibi anafagia uwanja.

"Shikamoo bibi. Gari bado?"

"Marahaba mwanangu. Gari gani tena? Limepita zamani, wamepiga honi mpaka mbuzi wameamka."

"Mbona simu yangu inasema bado?"

"Basi simu yako haijaamka."

Nikapata usafiri karibu na saa 5, nyuma ya pikipiki, mabalo yakifuata kwenye pikipiki ya pili. Newala nikafika kesho yake. Wenzangu walikuwa wameshapita, wameuza, wanahesabu. Akina mama wakanipokea vizuri sana, wakanipa na uji, lakini kununua wakaniambia, "Tungejua unakuja tungekungoja."

Kilichotokea nilielezwa na kijana anayetengeneza simu pale stendi Mtwara. Aliichukua, akasoma ujumbe mmoja wa Kireno ambao mimi niliufuta kwa nusu tu nikidhani ni bahati nasibu, akacheka. "Shangazi, wewe ulilala Tanzania, simu yako ililala Msumbiji."

Ukingoni mwa Ruvuma mnara wa ng'ambo unaweza kuwa na nguvu kuliko wetu. Usiku mtandao wetu ulipolegea, simu ikashika wa jirani. Ukitazama vizuri huwa inaonekana herufi R ndogo karibu na vile vijiti vya mtandao. Msumbiji iko saa moja nyuma yetu, na simu nyingi zimewekwa zichukue saa kutoka mtandao wowote zilioushika. Mtandao ukasema saa 9 na nusu, simu ikaamini, nami nikaiamini simu nikamkadhibisha muadhini. Mpaka leo nikipita msikiti ule naona haya.

Dawa yake ni ndogo. Kwenye Mipangilio tafuta sehemu ya tarehe na saa, uzime ile ya kuchukua saa za eneo kiotomatiki, kisha uchague Tanzania mwenyewe. Hata simu ikilala Maputo, saa inabaki ya kwetu. La pili, kwenye mipangilio ya laini kuna mahali pa kuzima uchaguzi wa mtandao wa kiotomatiki. Unachagua mtandao wako kwa mkono, basi haihami. Ukikosekana inabaki bila mtandao mpaka urudi, na mpakani mimi naona heri hivyo. Wengi hudhani wakizima intaneti ya ng'ambo wamemaliza kazi. Swichi ile inazuia bando tu. Simu ukiipokea ukiwa umeshikwa na mnara wa jirani, unaweza kukatwa salio kwa kupokea. Nilikatwa. Aliyenipigia alikuwa anauliza kama nina khanga ya bluu.

Sasa nije kwenye kutafuta nyumba, maana hapa ndipo ninapokula.

Anayeuza khanga vijijini anauza kwa mkopo, hakuna namna. Mkulima korosho zake kapeleka chama cha msingi, zimekwenda ghala kuu, zinasubiri mnada wa chama kikuu. Kwa Newala na Tandahimba ni TANECU. Mnada ukipita, pesa zinaingia kwenye akaunti baada ya siku kadhaa. Katikati hapo mama anataka doti mbili za harusi ya mdogo wake. Unampa. Unaandika. Unaondoka. Baada ya wiki tatu unarudi kudai, na hapo ndipo unapogundua kwamba mikorosho yote duniani imezaliwa na mama mmoja.

Mwaka mmoja nilizunguka na kijana wa bodaboda ndani ya Tandahimba toka asubuhi mpaka adhuhuri tukitafuta nyumba niliyoijua kabisa. Mlango wa bluu, mkeka nje, kisima upande wa kushoto. Kisima tulikipita mara tatu. Mara ya tatu wale wasichana waliokuwa wakichota maji wakaanza kutusalimia kama wakwe. Mafuta ya pikipiki nililipa mimi, na mlango wa bluu sikuuona.

Mpwa wangu ndiye aliyeniambia jambo ambalo sikulisadiki: kifaa cha simu cha kujua ulipo hakihitaji bando, hakihitaji hata laini. Kinasikiliza satelaiti, na satelaiti hazidai vocha. Kinachohitaji bando ni ile picha ya ramani. Kwa hiyo ramani unaipakua mapema, ukiwa mjini penye mtandao wa maana. Ramani za Google zinakuruhusu kuhifadhi eneo zima ulitumie bila intaneti. Mimi natumia zaidi Organic Maps, ya bure, inachukua data zake OpenStreetMap, ramani inayochorwa na watu wa kujitolea. Mara nyingi ina vijia vya miguu ambavyo kwenye ramani nyingine havimo. Vingine havimo hata humo, usinishike shati.

Uzuri ni kwamba ndani yake unaweka alama yako mwenyewe bila mtandao. Nikimaliza kumpimia mtu kitambaa, kabla sijaondoka mlangoni nabonyeza pale pale nilipo, naandika: "Mlango wa bluu, doti 3, baada ya mnada." Majina ya watu siandiki. Simu inaweza kupotea, na deni la mtu ni siri ya watu wawili. Nikirudi naweka simu mbele ya kijana wa bodaboda, kidoti kinatembea kuelekea alama, tunafika. Mara ya kwanza mama wa mlango wa bluu alishtuka, akasema, "Umenipataje? Mume wangu mwenyewe akitoka kilabuni hapaoni." Akalipa akiwa anacheka.

Ila kuna kitu nilijifunza kwa kugombana na simu: chini ya mkorosho mkubwa kidoti kinayumba. Majani yanaziba anga. Toka uwanjani, simama dakika moja au mbili, hasa kama simu ilikuwa haina mtandao muda mrefu, maana mtandao huisaidia kuzipata satelaiti haraka. Bila huo inazitafuta yenyewe, na inahitaji subira. Usianze kuipigapiga.

Asiyetaka programu mpya anaweza kufungulia kamera ruhusa ya kuandika mahali. Kila picha inabeba ndani yake sehemu ilipopigiwa, ukiifungua baadaye inakuonyesha kwenye ramani. Mimi naizima nikiwa nyumbani, sitaki picha ya mwanangu itembee na ramani ya chumba chake.

Tukiwa bado kwenye picha. Bidhaa zangu nazionyesha kwenye simu, kwa sababu siwezi kufungua balo zima kila mlango. Nampa mteja simu, anapitisha kidole, anachagua. Kumbe kidole hakina adabu. Masasi mteja mmoja akapitisha mpaka akatoka kwenye picha za khanga, akaingia kwenye picha ya ukurasa wa daftari langu, akasoma deni la wifi yake kwa sauti. Wifi alikuwepo. Sikuuza siku ile, na nilitumia saa nzima kupatanisha watu badala ya kupima vitambaa.

Simu nyingi za Android zina kitu cha kubandika programu moja kwenye skrini. Kiko kwenye mipangilio ya usalama, na kinaweza kuwa kimezimwa, ukiwashe kwanza. Ukishakiwasha unafungua picha zako, unaingia pale zinapoonekana programu zilizo wazi, unagusa alama ya programu, unachagua kubandika. Hapo mtu atazunguka humo humo, hawezi kutoka kwenda kwenye jumbe zako wala pesa bila namba yako ya siri, mradi umewasha na ile ya kuiuliza kabla ya kubandua. Hiki hakizuii kupita kutoka picha moja kwenda nyingine, kwa hiyo daftari nalo nilihamisha, siku hizi silipigi picha tena. Nikiwa ndani ya basi na mtoto wa jirani ya kiti anaililia simu, nambandikia katuni. Mama yake ananishukuru, nami sipati ujumbe wa ajabu niliotuma bila kujua.

La mzee wa Ndanda sipendi kulisimulia.

Tulikuwa tunatoka Masasi asubuhi. Mzee mmoja, kanzu safi, kofia ya mkono, kakaa peke yake kiti cha mbele yangu. Kabla ya Ndanda akalegea. Si usingizi, kulegea. Jasho linamtiririka, haitiki. Konda akamwita "Baba! Baba!" Kimya. Mfukoni alikuwa na simu nzuri tu, imefungwa kwa namba za siri. Hatujui jina lake, hatujui anaumwa nini, hatujui nani wa kuambiwa. Dereva akakanyaga mafuta kuelekea hospitali ya Ndanda, na sisi tukakaa tunaitazama ile simu, tunaiomba ilie. Abiria hamsini wanasubiri simu ya mtu ilie. Ililia tukiwa tumeshafika. Alikuwa binti yake, na neno lake la kwanza aliposikia sauti ya mgeni lilikuwa: "Ana sukari! Waambieni ana sukari!"

Mzee alizinduka, alhamdulillahi. Lakini lile neno "ana sukari" lilikuwa lifike dakika ishirini kabla, na mahali pa kuliweka palikuwepo kwenye simu yake mwenyewe.

Kioo cha simu kilichofungwa kina neno la dharura. Watu wanajua unaweza kulibonyeza ukapiga 112 hata kama huna salio. Wachache wanajua kwamba hapohapo mtu anaweza kusoma maelezo ya dharura ya mwenye simu, kama mwenyewe aliyajaza: ugonjwa, dawa anazotumia, mzio, kundi la damu, na mtu wa kupigiwa. Namba zile zinapigika bila kuifungua simu. Kwenye Mipangilio tafuta usalama na dharura, ujaze. Wenye iPhone wanayajaza kwenye programu ya Health. Mimi nina presha. Nimeandika dawa yangu, nimeandika na dada yangu. Nilipomaliza kujaza nilimjazia mama, nikamjazia na kaka, ambaye alinuna akasema namtabiria kifo.

Siku hiyohiyo nikaandika na maneno yanayokaa kwenye kioo muda wote, hata simu ikiwa imefungwa: "Simu hii ni ya mama wa khanga. Ukiiokota piga," kisha namba ya dada. Nayo ipo kwenye mipangilio ya skrini iliyofungwa. Usiandike namba yako mwenyewe, maana itakuwa inaita mkononi mwa aliyeiokota. Unacheka, lakini kaka aliandika hivyo.

Miezi minane baadaye niliisahau simu pale Nangurukuru, kwenye meza ya mama lishe, pembeni ya sahani ya wali. Nikaja kushtuka tuko mbele sana. Yule mama akasoma kioo, akampigia dada, akaikabidhi basi lililofuata. Nilipokwenda kumshukuru alinikatalia pesa, akakubali doti moja, akachagua mwenyewe, ya bei kubwa.

Habari ya kimbunga Hidaya nimesimulia mara nyingi hata watoto wangu wanaondoka nikianza, kwa hiyo nitakata mafupi. Mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga kimepita, mvua haikatiki, natoka Kariakoo na mzigo. Kabla ya Somanga maji yakawa yameikata barabara. Magari yamepanga mstari, huendi Lindi, hurudi Dar. Tulilala hapo usiku mbili. Simu yangu ilikuwa na chaji chini ya nusu.

Kitu kinachonyonya betri safarini ni simu kutafuta mtandao usiopatikana, hata usipoigusa. Inapiga kelele kama mtu aliyepotea porini, inachoka yenyewe. Kwa hiyo ile alama ya ndege haikuwekwa kwa ajili ya wapanda ndege pekee. Mimi sijapanda ndege hata siku moja, naitumia kila wiki. Niliiwasha, nikawa naizima dakika tano tu kila baada ya muda. Na katika dakika hizo sikupiga simu, niliandika jumbe za kawaida. Mtandao ulio dhaifu unakata maongezi neno la pili, lakini ujumbe mfupi unapenya kwenye kijiti kimoja. Wa WhatsApp ulibaki na saa yake pembeni mpaka kesho, huku wa kawaida ulishafika kwa dada na kujibiwa.

Habari za barabara tulizipata kwa redio. Simu yangu ya bei ndogo ina redio isiyotumia bando, ila lazima uchomeke zile spika za masikioni za waya, kwa sababu waya ndio antena. Kijana wa pembeni yangu, simu yake ya zaidi ya milioni, hana redio wala tundu la waya. Nilimwazimisha sikio moja. Naye akanilipa: simu yake inaweza kumwaga chaji kwenye nyingine kwa waya wa kawaida. Tukaunganisha, akanipa asilimia kumi. Akaniambia, "Mama, hii ni ya taarifa ya habari ya saa 2, usiende kuangalia video."

Tafsiri ya kamera sitaisifia sana, ingawa wauzaji wa simu huitaja kwanza. Eti unaelekeza kwenye maandishi ya Kireno inakupa Kiswahili. Inafanya kazi, nimesomea boksi la dawa, lakini watu wa ng'ambo wanaokuja kununua kwangu tunaelewana kwa Kimakonde na Kiswahili, na kwa bei hatukuwahi kuhitaji mkalimani.

Msimu uliopita nilirudi kwa bibi yule. Usiku niliamka kuangalia: mtandao hakuna, saa ipo. Adhana ilipolia nikainuka pale pale, na simu ikakubaliana na muadhini. Saa 11 kasoro nilikuwa barabarani nimekaa juu ya balo. Gari likaja, dereva akanimulika taa usoni.

"Mama Khanga! Leo umekuja na saa ya nchi gani?"

Nikamgeuzia kioo asome mwenyewe, Dar es Salaam.

"Hewala, pakia mzigo," akasema, akashuka kwenda kunywa chai. Tukaondoka saa 11 na dakika ishirini na tano.